Huyu Ananisaidia Tu

Kuna neno moja ambalo mume wangu amelipigilia kichwani mwangu kwa miaka ishirini na mitano, na siku ya sherehe yetu niliapa kwamba akilitamka tena, hata mara moja, naondoka. Nisieleweke vibaya. Ndoa nisingeivunja, nani angenibebea mtungi wa gesi? Ningeondoka karakanani.

Sisi ni mafundi wa makochi. Mteja analeta kochi lililobonyea katikati, sisi tunalivua kitambaa, tunakaza mikanda ya chini, tunatia sponji mpya, halafu tunalivika upya mpaka mwenyewe analipita akilitafuta. Nyundo nilifundishwa kuishika na yeye, sikatai. Lakini aliyefundishwa naye hukua. Leo mishono yote ni yangu, na zile kona za mito ambazo mafundi wengi huzikunjakunja na kuomba Mungu mteja asizitazame, mimi huzipiga zikatulia. Pamoja na hayo yote, mteja akiuliza, "Na huyu mama je?" mume wangu hujifuta mikono na kujibu kwa raha zake:

"Huyu ni mke wangu. Ananisaidia."

Ananisaidia! Ningekuwa nampelekea maji ya kunywa ningeelewa.

Kwa muda mrefu nililimeza. Mwaka huu ndipo liliponikwama kooni, kwa sababu mwaka huu Fundi (hata mimi humwita hivyo, kila mtu humwita hivyo) alianza kujifanya bosi. Tangu mvua kubwa zilipokwisha, nyundo aliishika kwa nadra, kama mgeni. Alisema macho yanamsumbua. Akahamishia kiti chake mlangoni, akawa anapokea wateja na kupiga soga, huku mimi nimefunga kibwebwe huko ndani nikipigilia peke yangu. Na kila aliyechungulia aliambiwa lile lile. Kwa hiyo msimamizi wa kiwanda cha samani alipokuja siku ambayo Fundi hayupo, akaniambia, "Mama, tumesikia fundi hasa wa hapa ni wewe, tunakutaka uje usimamie chumba chetu cha ushonaji," nilijisikia kama niliyetolewa mwiba. Wamesikia kwa nani, sikuuliza. Sifa ikija mtu haiulizi imetoka wapi. Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa sherehe. Ndoa na karakana tulivianza mwezi mmoja, na binti yetu, ambaye ni mwalimu na hupenda kila jambo lifanywe kwa utaratibu wake, alikuwa ametuwekea meza katika mkahawa wa kifahari, ule wenye mapazia mazito ambao siku zote tunaupita tukielekea kununua vitambaa. "Mvae vizuri," alituagiza. "Na baba asiende na tepu ya kupimia mfukoni."

Nilikubali kwa moyo mweupe, ila na mpango wangu kichwani. Nitampa Fundi nafasi ya mwisho bila kumwambia kwamba ni ya mwisho. Ikipita jioni nzima bila lile neno, nitakaa. Likitoka, tukimaliza kula namwambia habari za kiwanda.

Siku yenyewe alichukua muda mrefu sana kujivalisha. Nilikaa sebuleni na mkoba wangu mapajani nikamwita, "Bwana harusi, wageni wataondoka!" Alipotoka, kifungo kimoja cha shati kilikuwa kimeruka tundu lake, na miguuni alikuwa na viatu vya kutumbukiza badala ya vile vya kamba nilivyovipiga rangi asubuhi. Nikamfunga kifungo upya, nikamwambia uzee huo unamnyemelea. Akacheka, mikono akaitia mfukoni.

Mkahawani tulipokelewa na mhudumu wa makamo, mvi kidogo, mgongo umenyooka, sauti ya chini kama ya mtu aliyeko kwenye msiba wa matajiri. Alituvutia viti. Nilipokaa tu, nikazama upande wa kushoto. Mkanda mmoja wa chini ulikuwa umelegea. Nikainua macho kumtazama Fundi, nikakuta naye ananitazama.

"Mm," akasema.

"Mm," nikajibu.

Hili lazima nilieleze. Fundi wa makochi hubana misumari midogo kwa midomo, ili mkono mmoja ubaki na nyundo na mwingine uvute kitambaa. Ukiwa hivyo huwezi kusema. Ukifungua mdomo, umeumeza msumari. Zamani tulipokuwa tukifanya kazi pamoja, mmoja mbele akipiga, mwingine nyuma akivuta na kuangalia kama mstari umenyooka, tulijitengenezea lugha ya watu waliofumba midomo. "Mm" moja: sawa, piga. "Mm-mm": umekosea, ng'oa. Binti yetu aliijua lugha hiyo kabla hajajua kusema mama.

"Cha mvunguni sharti uiname," Fundi akaninong'oneza, na suti yake yote akainama, kichwa kikapotea chini ya meza. Bibi mmoja wa meza ya jirani akaisogeza miguu yake haraka. Nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa kile kitambaa cha mezani. Wakati ule nilimpenda kama siku ya kwanza, kusema kweli, na nikaanza kuuonea haya ule mpango wangu.

Mhudumu alikuwa amefika. "Kuna kilichoanguka, mzee?"

"Hapana, bwana." Fundi aliibuka, nywele zimemsimama. "Sisi ni mafundi wa viti na makochi. Tunaangalia tu kazi ya wenzetu."

Sisi. Ni mafundi. Nikajiweka sawa kitini.

"Aa, nyote wawili ni mafundi?" mhudumu akauliza kwa adabu.

Fundi akanielekezea kidevu. "Huyu ni mke wangu. Ananisaidia."

Basi. Nikatandaza kitambaa mapajani, nikakinyoosha pembe zote nne, na moyoni karakana nikaiaga.

Ilipofika zamu ya kuagiza, Fundi aliitazama menyu kidogo tu. Akasema anataka supu.

"Na baada ya supu, mzee?"

"Supu inatosha."

Huyu ni mtu ambaye akiona nyama humshukuru Mungu kwa sauti. Nilidhani ananiletea ushamba, kwamba ameingia mahali pa watu wazito na sasa anajikunyata. Nami nilikuwa na hasira zangu. "Mletee nyama," nikamwambia mhudumu. "Kile kipande kikubwa. Mimi nipe samaki."

"Nimesema supu, Bibie." Bibie ndilo jina aliloamua kuniita tangu uchumba.

"Na mimi nimesema nyama."

Mhudumu alituangalia mmoja baada ya mwingine, akaandika nyama. Mtu aliyehudumia meza kwa miaka mingi hujua nani wa kumsikiliza.

Supu ilikuja. Fundi alikishika kijiko kwa ngumi, kama mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi. "Shika kijiko kama mtu mzima," nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "watu wanatutazama." Akajaribu. Kijiko kikamponyoka, kikapiga ukingo wa bakuli kwa kelele, tone likaruka kwenye tai yake. Aliomba radhi kwa mhudumu, kwangu, na hata kwa yule bibi wa jirani. Kisha akasema supu ni ya moto mno, akaiacha.

Ikaja nyama, imelala katikati ya sahani pana na mchuzi mwembamba umeizunguka. Ilinukia vizuri. Fundi aliitazama, mikono yake ikiwa chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeshaanza samaki wangu, na samaki alikuwa mtamu, jambo lililonikera, kwa sababu sikutaka kitu chochote kiwe kitamu. Nikaona nisisubiri tumalize kula.

"Fundi, Jumatatu siji karakanani."

"Ehe."

"Nimepata kazi kile kiwanda cha samani. Wanataka nisimamie chumba cha ushonaji."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kicheko, na jibu la kicheko nilikuwa nalo tayari. Akakubali kwa kichwa taratibu.

"Kazi nzuri hiyo," akasema. "Mashine zao mpya. Na madirisha ni makubwa, hutaumiza macho."

"Umejuaje madirisha yao?"

Akaitazama nyama yake. Mume wangu hajui kusema uongo. Masikio yake humchongea, hubadilika rangi.

"Fundi, nakuuliza. Umejuaje?"

"Nilikwenda."

"Lini?"

"Siku ile niliyosema nakwenda kutafuta sponji. Nilimwona msimamizi wao. Nikamwambia kuna fundi pale kwangu, ukimpata huyo funga na milango asitoke. Nikamwomba asikwambie nimesema mimi."

Nikaweka uma chini. Cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira. "Kwa hiyo umenifukuza! Umenipeleka sokoni kama kiti kilichotengenezwa!"

"Punguza sauti, Bibie."

"Sipunguzi!"

Hapo ndipo alipoitoa mikono chini ya meza akaiweka juu ya kitambaa cheupe, viganja vikiangalia juu, kila mkono upande wake wa sahani. Mikono ninayoijua kuliko yangu, na makovu yake yote. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimeiangalia.

"Gumba hiki," akasema, "na hivi viwili. Na mkono huu nao umeanza. Havina habari. Tangu zile mvua. Mwanzoni nilidhani ni baridi. Daktari anasema ni mshipa umebanwa, huenda ukaachia, huenda usiachie. Nikishika msumari sijui kama nimeushika. Siku moja nilijigonga na nyundo nikaja kujua kwa kuona damu."

"Ukasema ni macho."

"Macho mtu ananunua miwani, yanakwisha. Fundi asiye na vidole atanunua nini?"

Kifungo. Viatu vya kutumbukiza. Kijiko. Kile kiti cha mlangoni nilichokichukia mwaka mzima. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, na mimi nilikuwa na macho mawili mazima. Niliona aibu, nikamwonea uchungu, na hasira nayo haikutoka. Ilisogea tu pembeni kuwapisha wenzake.

"Nilitaka kuifunga karakana," akaendelea. "Lakini si kabla hujapata pa kwenda. Nisingekubali ukae nyumbani kwa sababu ya vidole vyangu."

"Ngoja. Niambie jambo moja." Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe. "Wale wa kiwandani uliwaambia mimi ni fundi. Mbona mimi hujaniambia hata siku moja?"

Alifikiri. Ni mtu wa kufikiri akiulizwa, hilo nalo huniudhi.

"Niliogopa ukijua utaondoka."

"Na sasa?"

"Sasa nilitaka uondoke."

Mezani kwa jirani walikuwa wakicheka jambo lao. Nyama ilianza kupoa, mafuta yakiganda ukingoni mwa sahani. Fundi akaitazama, akanitazama, akaisukuma sahani kuja upande wangu kwa mgongo wa mkono wake.

"Nisaidie," akasema.

Lile neno lingine nilikuwa nimelisikia mara nyingi mno, likiambiwa wateja, likiambiwa mashemeji, likiambiwa mhudumu wa mkahawa. Hili nilikuwa silijui. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba namsaidia, lakini mimi mwenyewe hakuwahi kuniomba.

Nilihamisha kiti changu, nikakaa kando yake, bega kwa bega, ili mkono wangu ufikie sahani bila watu kuona nani anamkatia nani. Nikamkatia vipande vyembamba vya kumtosha mdomo. Uma aliushika kwa ngumi, na safari hii sikumwambia kitu.

"Watu watadhani tunapendana," akasema.

"Waache wadhani."

Alikula kidogo. Alikuwa na njaa, maskini. Niliendelea kukata.

"Jumatatu siendi kiwandani," nikasema.

"Usinihurumie, Bibie. Huruma siitaki."

"Nani anakuhurumia? Jicho lako limekufa ganzi?"

"La."

"Mdomo?"

"Huo unaujua mwenyewe."

"Basi utatoka pale mlangoni, utakaa nyuma ya kochi utazame mstari. Utasema mm, utasema mm-mm. Mwaka mzima napiga bila mtu nyuma, Fundi. Napiga msumari mmoja, nazunguka kochi kuangalia, narudi, nazunguka tena, jioni miguu imevimba kama nimecheza ngoma. Na kwa daktari tutarudi wote wawili, anieleze mimi, wewe husikilizi vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Usitaje chawa humu ndani, watatutoa."

Nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu zaidi. "Na sharti langu ni hili. Lile neno lako nisilisikie tena."

"Neno gani?"

Nilimwangalia nikidhani ananichezea. Hakuwa ananichezea. Halijui! Miaka yote nimelibeba, nimelilalia na kuamkia, na mwenyewe halijui.

"Ananisaidia," nikamwambia. "Huyu ni mke wangu, ananisaidia."

Aliacha kutafuna. "Hilo ni baya?"

"Baya kabisa."

"Mimi nilikuwa najisifu," akasema. "Mafundi wenzangu pale mtaani wote, nani ana mtu wa kumsaidia? Kila mmoja yuko peke yake na nyundo yake. Nilikuwa nawaringia watu."

Nilimfuta lile tone la supu kwenye tai, ambalo lilikuwa limeshakauka na halikutoka.

Mhudumu akarudi, safari hii na sahani moja yenye keki ndogo ya duara, na juu yake, kwa maandishi ya chokoleti yaliyopindapinda, imeandikwa HONGERA FUNDI. Nikajua ni kazi ya binti yetu. Mhudumu alisimama mbele yetu, nasi sasa tumebanana upande mmoja wa meza, akatabasamu.

"Nimeagizwa niiweke mbele ya fundi," akasema. "Sasa nyinyi mliniambia ni mafundi. Fundi mwenyewe ni nani?"

Fundi alitangulia kujibu. Mkono wake mmoja ulikuwa umesharudi chini ya meza, mwingine umeshika uma kwa ngumi. "Ni yeye," akasema, akanionyesha kwa kidevu kile kile.

Ningependa kusema nilifurahi. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja miaka yote, na lilipokuja nilitamani alirudishe. Alilisema kwa sauti ndogo, kama anayekabidhi funguo za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hakuwa ananisifu tena. Alikuwa anajitoa. Nilimtazama pembeni, nikaona anatia kipande cha mwisho cha nyama mdomoni na kuinamisha macho kwenye sahani tupu, na roho ikaniuma kwelikweli.

"Usimsikilize, bwana," nikamwambia mhudumu. "Fundi ni huyu. Mimi namsaidia tu."

Lilitoka kwenye mdomo wangu mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha. Mhudumu akaanza kuisogeza sahani upande wa Fundi.

Fundi, mdomo umejaa, akatikisa kichwa.

"Mm-mm," akasema.

Mhudumu akasimama na keki hewani, hajui aende kwa nani. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimepiga msumari kombo, naambiwa ning'oe.

"Weka hapo katikati," nikasema.

"Mm," akasema Fundi.